Picha ya babu imegandana na kioo, na ukoo wake wa Songea hatuujui. Tuanzie wapi?

Mjukuu wa Manamba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Babu mzaa baba alitoka Songea akaja Tanga kukata mkonge, akawa manamba. Hakurudi kwao. Alimwoa bibi hapa Muheza, akafariki baba akiwa darasa la pili. Juzi tulikuwa tunagawana vitu vya marehemu bibi, tukafungua sanduku lake la bati. Chini ya khanga kulikuwa na picha ya babu kwenye fremu, karatasi ya mkataba yenye muhuri wa SILABU (ile ofisi iliyoajiri vibarua wa mkonge), na kipande cha kazi, yaani kadi ya kuhesabia siku, kilicholiwa na mende.

Kwenye picha amesimama kando ya kiti, kavaa koti linalomzidi mabega, miguu peku. Nahisi koti lilikuwa la mpiga picha. Tatizo picha imegandana na kioo upande wa uso. Nilipeleka stationari moja wakataka kuibandua kwa maji ya moto, nikaichukua nikaondoka.

La pili, mkataba unasema Komba, ila baba anakumbuka jina Ngonyani likitajwa sana pale kambini. Mzee ana miaka sabini na kitu, anataka kufika kwao. Nawasilisha.

Bi Mkubwa wa Studio:
Umefanya vizuri kuondoka. Usiibandue, sura itabaki kwenye kioo. Iskani hivyo hivyo na kioo chake. Kama huna skana, ilaze karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, piga kutokea juu huku mtu kashika kitambaa cheusi kuzuia mng'ao. Na msiipeleke kutiwa laminesheni, nawajua.

Mtoto wa Kambini:
SILABU ilianza 1944, kwa hiyo hakuja na muhuri huo kabla ya hapo. Kipande nacho kitazame vizuri: kilikuwa cha siku thelathini za kazi, huenda jina la shamba bado linasomeka.

Majina mawili yasikutishe. Babu yangu, Muha wa Kasulu, alitoroka shamba la kwanza akajiandikisha la pili kwa jina la shemeji yake. Mpaka leo sisi ni ukoo wa shemeji.

Nyaraka za Taifa pale Upanga nilishakwenda. Mafaili niliyopewa yalijaa barua za wazungu kuhusu idadi ya watu na posho. Majina ya manamba sikuyaona.

Katekista Mstaafu:
Mwanangu, akina Komba kule ni kama mchanga, jina peke yake halikufikishi. Babu alifunga ndoa kanisani?

Mjukuu wa Manamba:
Ndiyo, bibi alibatizwa kwanza ndipo akaolewa.

Katekista Mstaafu:
Basi kazi imekwisha nusu. Msikimbilie Peramiho, kwenye abasia ya kule Songea. Nendeni parokia waliyofungia ndoa, ombeni kitabu cha ndoa, LM. Padri hafungishi ndoa bila kujua mtu kabatizwa wapi, kwa hiyo parokia ya ubatizo huandikwa humo, mara nyingi na namba ya LB, yaani kitabu cha ubatizo. Ukiipata hiyo, parokia ya kule itakupa baba yake, mama yake na msimamizi wake wa ubatizo. Vitabu vya zamani ni Kilatini: ukiona *patrinus*, ndiye msimamizi. Na mjue, enzi hizo Mbinga yote ilihesabiwa Songea.

Mjukuu wa Manamba:
Mrejesho wakuu. Leo tumekwenda na mzee. Paroko katufungulia kitabu mwenyewe, hataki mtu mwingine akiguse. Bwana harusi Komba, kabatizwa Kigonsera kule Mbinga, na namba yake ya LB ipo. Ngonyani ni shahidi wa ndoa! Mzee kanyamaza, kisha akasema huyo ndiye aliyekuwa akimbeba begani kwenda gulioni.

Sasa wa Mbinga mliomo humu: kutoka Songea mjini hadi Kigonsera nauli shilingi ngapi? Mzee keshaanza kupanga nguo.