Kitinda na stesheni ya V10

Kitinda: Shikamooni wakubwa. Jamani ile gari niliyokuwa naisema tangu niko shule nimeipata, BMW M5 Touring, stesheni yaani gari la familia lenye buti refu, ile wanayoiita E61 yenye V10, injini ya silinda 10, ya mwaka 2008, na bei anayoitaka mwenyewe ni ndogo kuliko ya kigari kipya cha kawaida kabisa, yaani nguvu farasi 507 na buti la kubebea nyumba nzima. Nawaomba ushauri kabla sijatoa hela

Mama: Marahaba mwanangu. Viti vya watoto vinakaa?

Kitinda: Vinakaa mama, viwili nyuma na katikati mtu mzima anatosha

Dada: Wese inakulaje?

Kitinda: Anasema lita 15 kwa kilomita 100 ukiendesha kistaarabu

Dada: Haya ngoja nipige hesabu. Wewe kwa mwezi unatembea kama kilomita 1,500 sindio. Kwa 15 hiyo ni lita 225. Hiki kidogo ulichonacho kinakula 7, ni lita 105. Tofauti lita 120 kila mwezi, kwa mwaka 1,440. Tangi la hiyo stesheni ni lita 70, kwa hiyo ni kama unaongeza kujaza tangi mara 20 kwa mwaka juu ya unazojaza sasa, na hapo ni kwa lita 15 za kistaarabu, mi nakujua hutaendesha kistaarabu

Kitinda: Wese nimeshalifikiria dada, hilo naliweza

Kaka Mkubwa: Mdogo wangu ngoja niandike kwa urefu maana hili jambo nimelipitia. Mimi nilikaa na stesheni ya turbo mbili miaka minne, mnaikumbuka ile nyeusi, na kila nilichotoa nilikiandika kwenye daftari kuanzia plagi mpaka balbu. Wese ndio gharama ya kwanza kila mtu anaiuliza kwa sababu unaiona kila wiki, inakutoka kidogo kidogo na unaizoea. Kwenye daftari langu wese halikuwa hata nusu. Kilichonimaliza ni vile vitu vinavyokuja mara moja kwa mwaka, kimoja kinakula akiba yote, na kabla hujapumua kinakuja kingine. Na sababu ni moja tu, gari bei yake imeshuka miaka yote hii, lakini spea zake hazijashuka, bado zinauzwa kwa bei ya gari ya tajiri. Wewe unanunua kwa bei ya leo halafu unaitunza kwa bei ya mtu aliyeinunua mpya. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na gari inaishia kulala chini ya turubai

Kitinda: Spea gani hasa kaka? Maana huyu ameniambia kila kitu kimefanyiwa

Kaka Mkubwa: Anza na tairi. Hiyo yako mbele ni 255/40 ringi 19, nyuma 285/35 ringi 19. Saizi mbili tofauti maana yake huwezi kuhamisha za nyuma kwenda mbele ziishe sawasawa, za nyuma zitakwisha kwanza na utanunua mbili mbili kila mara. Na usiangalie kwa nje tu! Mimi nilikuwa kila Jumamosi nachuchumaa naangalia meno ya tairi naona bado yapo, moyo mweupe, siku moja naosha rimu nikaingiza mkono kwa ndani, kidole kikagusa kitu kinachokwaruza, kuangalia ni waya. Upande wa nje tairi ina miezi mingine mingi, upande wa ndani imekwisha kabisa, na siku mbili kabla nilikuwa nimewapakia watoto tumetembea kasi barabara kuu. Bushi za nyuma zilikuwa zimekufa, gurudumu linalala kwa ndani. Nikabadili tairi na bushi, nikapima na alaimenti, akiba ya mwaka ikaisha mwezi wa pili

Mama: Hukuniambia hilo

Kaka Mkubwa: Sikutaka ukae na wasiwasi mama

Mjomba Fundi: Nimeingia nimesoma yote. Kitinda hujambo

Kitinda: Sijambo shikamoo mjomba

Mjomba Fundi: Marahaba. Sasa sikiliza, hiyo injini inaitwa S85, lita 5, haina turbo, inazunguka mpaka 8,250 kwa dakika. Ni injini tamu kuisikia na nimeishika kwa mikono yangu kwa hiyo siisemi kwa kusikia. Ugonjwa wake mkubwa ni beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Zinalika polepole bila kelele, siku zikianza kugonga umechelewa, kranki imeshachubuka na hapo unaongelea injini nzima. Wanaozijua wanazibadili mapema kabla hazijalalamika, unashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unafungua kimoja kimoja, kazi ya siku kadhaa lakini ukilinganisha na injini ni kitu kidogo sana. Swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe hilo, beringi zimebadilishwa lini, kwenye kilomita ngapi, na risiti iko wapi. Akikwambia "hii haina shida hiyo" basi hajui anachokiuza

Mjomba Fundi: La pili ni giaboksi. Hiyo ni SMG ya gia 7, ndani ni klachi ya kawaida lakini anayeikanyaga ni pampu ya haidroliki inayoendeshwa na kompyuta. Pampu ikichoka gia haziingii, gari linabaki lilipo. Klachi nayo ina mwisho wake, na foleni ndiyo inayoimaliza. La tatu, motaa mbili za kufungulia hewa ya injini, zina gia ndogo ndani zinalika, taa inawaka na nguvu inakatwa. Na oili yake ni 10W-60, zaidi ya lita 9 kila ukimwaga. Plagi 10. Piga hesabu wewe

Dada: Lita 9 mjomba? Yangu inakunywa 4

Mjomba Fundi: Ndiyo, na usiingoje ile taa ya kompyuta ikwambie muda umefika, inakaa muda mrefu mno. Mimi ningemwaga kila kilomita 8,000 au 10,000. Halafu kila ukimwaga, filta usiitupe. Ikate ile karatasi, itandaze juani, ipindepinde. Oili safi inaacha weusi tu. Ukiona vumbi linalometameta rangi ya shaba kwenye mikunjo, gari liegeshwe hapohapo lisirudi barabarani, hiyo ni beringi inakwambia

Kitinda: Daah. Basi niangalie nyingine? Kuna Audi RS6 pia nimeiona, na mwingine ana Volvo V70 R

Mjomba Fundi: RS6 ipi? Ile ya kwanza ya 2002 mpaka 2004 ni V8 ya 4.2 turbo mbili, imebanwa humo ndani mpaka kazi ndogo inataka pua yote ya gari ivuliwe, na shokapu zake zimeunganishwa kwa mabomba ya oili, zikivuja ni seti. Ile ya 2008 mpaka 2010 ni V10 na turbo mbili, nguvu farasi 580, sitaki hata kuanza. Audi RS4 ya V8 ya 2006 vali zinajaa masizi kwa sababu petroli inamwagwa moja kwa moja kwenye silinda haipiti kwenye vali kuziosha, na cheni ya taiming iko nyuma ya injini, kuifikia mpaka injini itoke. V70 R ndiyo yenye huruma kidogo, silinda 5, lita 2.5, turbo moja, farasi 300, taiming belti ukiibadili kwa wakati injini hiyo inakwenda mbali. Lakini shokapu zake ni za umeme, nne, na bei yake utakaa chini

Kaka Mkubwa: Na zote hizo za kuvuta magurudumu manne, tairi lazima zilingane zote. Huwezi kununua mbili mpya ukaacha mbili zilizolika, zinazunguka tofauti na zinatesa mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma. Ukipata msumari kwenye moja unaweza kujikuta unanunua nne

Dada: Na bima? Piga simu kabla ya kununua sio baada. Wape namba ya gari kamili, usiseme "BMW ya familia". Nguvu farasi 507 na umri wako huo

Kitinda: Sawa dada nitapiga kesho

Kaka Mkubwa: Kuna kingine hakuna anayekisema, hizi ni stesheni, zina magonjwa yao mbali na injini. Hiyo E61 mlango wa buti una vifungu vya nyaya vinavyopita kwenye bawaba, kila ukifungua na kufunga vinajikunja, baada ya miaka vinakatika ndani ya mpira wake, unaanza kuona buti halifunguki, taa hazifanyi kazi, redio inapoteza stesheni, fundi anabadili vitu hovyo kumbe ni waya. Ikiwa ina paa la kioo basi mifereji ya kutolea maji ya mvua inaziba, maji yanashuka kimyakimya mpaka chini ya sakafu ya buti, na huko chini ndiko walikoweka vikompyuta. Yangu ilikuwa ya kampuni nyingine lakini lilinipata hilohilo. Niliona vioo vinaweka ukungu kila asubuhi nikadhani ni baridi. Nikanyanyua kapeti ya buti, chini kuna maji ya kuchotea kikombe, na kiboksi cha umeme kimelala ndani yake kina kutu ya kijani. Mifereji kuizibua ilichukua nusu saa na waya mwembamba. Kile kiboksi kilinigharimu zaidi ya seti ya tairi

Mjomba Fundi: Na mifuko ya hewa ya nyuma. Stesheni kubwa nyingi zinakaa kwenye hewa nyuma ili ukipakia isilale. Mpira ukipasuka unaikuta asubuhi imechuchumaa, na kompresa inajichosha kujaza mpaka inaungua nayo

Kitinda: Jamani mbona kila mtu ananikatisha tamaa. Nimehangaika kuweka hela miaka mitatu

Kaka Mkubwa: Sikukatishi tamaa hata kidogo. Ile gari niliipenda na naikumbuka mpaka leo. Tulihama nyumba na ile, kabati la mama lililala humo ndani buti limefungwa, na jioni hiyohiyo nikaenda nayo peke yangu barabara tupu, gia ya tatu ukikanyaga inakusukuma mgongo kama mtu anakupiga kiganja, halafu watoto wamelala nyuma hawajui. Hakuna gari nyingine inakupa vyote viwili. Ninachosema ni kwamba usimalize hela zote kwenye kununua. Gawa. Kama hizo ulizoweka ni mafungu matatu, nunua gari kwa mawili, la tatu ulifunge kabisa lisiguswe, hilo ni la mwaka wa kwanza. Mimi nilinunua kwa yote, ndiyo maana pedi na diski za mbele zilipoisha gari ililala wiki sita. Gari ya karibu tani 2 inasimamishwa na diski kubwa kama sinia, sio za kuokoteza

Dada: Na kile kidogo usikiuze

Kaka Mkubwa: Hapo dada amemaliza. Kazini nenda na kidogo. Stesheni iwe ya safari na wikiendi, kilomita 500 kwa mwezi badala ya 1,500, tayari umegawanya tairi, wese na klachi kwa tatu. Ila usiiache ikalala mwezi mzima, itembee mpaka oili ipate moto kabisa, sio kuiwasha na kuizima

Kitinda: Kwa mafungu mawili hii haifiki, inabidi nimuombe apunguze

Mjomba Fundi: Atapunguza ukienda na maswali. Bei yake ni ya gari isiyo na shida, mwonyeshe shida kwa karatasi. Tunaenda pamoja, nitakuja na mashine ya kusoma kompyuta na tochi. Tunanyanyua kapeti ya buti kwanza kabla ya boneti, tunapitisha mkono ndani ya tairi zote nne, tunasoma tarehe zake. Halafu nataka kuisikia inavyowaka ikiwa baridi kabisa, sekunde 10 za kwanza ndizo zenye habari zote. Mwambie asiiwashe mpaka tufike

Mama: Nendeni salama, na kama haina risiti mrudi nyumbani

Kitinda: Sawa mama. Nimemwandikia sasa hivi

Kitinda: Amejibu. Risiti za oili anazo zote kwenye faili, ya beringi hana, anasema aliyemuuzia alimwambia zilibadilishwa. Na anasema huwa anaiwasha kila siku saa moja asubuhi kuipasha moto

Mjomba Fundi: Ya beringi hana, basi bei tunaihesabu kama hazijabadilishwa. Mwambie tunafika saa kumi na mbili