Naomba ushauri: nataka kuandika yanayotokea darasani kwangu

Habari za jioni walimu wenzangu. Shikamooni wakubwa.

Nafundisha darasa la pili kijijini, mkoa wa Shinyanga. Nina watoto 87, wengi wanazungumza Kisukuma nyumbani. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila somo la kusoma linapokwama au linapofanikiwa. Mfano, silabi za "mba" na "nda" zilinitesa muhula mzima, mpaka nilipoziandika kwenye vifuniko vya soda watoto wakawa wanaunda maneno wenyewe, wamekaa chini. (Vifuniko navipata bure dukani, chaki ndiyo tunagombania.)

Nilisimulia hayo kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapa shuleni, wenzangu wakaniambia niandike, walimu wa kwingine wasome. Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza ilitoka kama taarifa ya kumpelekea mwalimu mkuu. Ya pili ilikuwa nzuri kidogo, lakini nilimtaja mtoto aliyekuwa analia kila akiitwa kusoma, nikaifuta. Kijiji ni kidogo, hata nikibadili jina mama yake atamjua.

Maswali yangu ni mawili. Mnawezaje kueleza shida ya mtoto mmoja bila watu kumtambua, na habari isipoteze ladha? Na je, nikieleza somo langu mwenyewe, pamoja na nilipokosea, bila kutaja shule, bado nimwombe ruhusa mwalimu mkuu kwanza?

Natanguliza shukrani.