Mjadala: Je, ushairi shuleni unawafundisha vijana kuuchukia mji?

MTOA HOJA

Ndugu walimu na wapenzi wa fasihi, hoja ni hii. Chukueni rundo la tafakuri za kidato cha tatu juu ya shairi lolote linalotaja mji. Sentensi moja mtaikuta karibu kila karatasi: "Shairi hili linaonyesha kuwa mjini kuna uhalifu, ukahaba na kupotoka kwa maadili." Inaandikwa hata pale ambapo shairi lenyewe halina mwizi wala kahaba. Mwanafunzi hapo hajasoma shairi, ameandika alichozoea kuambiwa.

Nasema lawama ni yetu, kwa mashairi tunayoyachagua na maswali tunayoyauliza. Sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta Nairobi na watu 4,397,073. Ya Tanzania ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728. Watoto wengi wa miji hiyo wamezaliwa humo humo na hawana kijiji cha kurudi. Tukiwafundisha kila muhula kwamba mji ni shimo, tunawaambia kwao ni pabaya. Nani ananipinga?

MWALIMU WA FASIHI

Nakupinga, mwenzangu, kwa heshima. Mshairi anayeandika juu ya kodi ya nyumba, maji ya kununua kwa dumu na nauli inayopanda mvua ikinyesha hajachukia mji. Anasema kweli. Fasihi yetu ina wajibu wa kuonya, na kijana anayeacha shamba akidhani mjini pesa zinaokotwa anastahili kuonywa. Tukiyaondoa mashairi hayo darasani tutabaki na mashairi ya kusifu taa za barabarani.

Halafu tusisahau historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, washairi wengi wa Tanzania walikisifu kijiji kwa sababu waliamini ndicho kitakachojenga nchi. Hiyo ni itikadi, ndiyo, lakini ilikuwa itikadi yenye hoja.

WA JIOGRAFIA

Hapo kwenye itikadi ndipo pa kuchimba. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi, na watu wasioonyesha kazi Dar es Salaam walikamatwa na kurudishwa vijijini. Kenya ya mkoloni ilikuwa na kipande, hati ya kitambulisho, ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati, na bila hicho hakuwa na ruhusa ya kutembea mjini. Kwa hiyo wazo kwamba mtu wetu mjini ni mgeni, mahali pake ni shamba, halikuzaliwa na washairi. Lilikuwa amri ya serikali kabla ya kuwa dhamira ya shairi. Mwanafunzi akijua hilo ataliuliza shairi swali lingine kabisa: nani ananufaika kijana akirudi shamba?

Na kosa jingine linalonikera katika tafakuri hizi: "ukuaji wa mji" na "ukuaji wa miji nchini" vinachanganywa. Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 mwaka 2009. Ongezeko hadi 2019 ni watu 1,258,704. Mwanafunzi huandika papo hapo kwamba hao wote "wamekimbilia mjini". Sivyo. Mji hukua kwa njia tatu: watu kuhamia, watoto kuzaliwa humo, na mipaka kusogezwa ikameza vijiji vya kando. Na nchi yaweza kuwa na miji inayovimba huku sehemu ya wananchi wote wanaoishi mijini ikiongezeka kidogo tu, kwa sababu vijijini nako watu wanazaliana.

MTAHINI

Wote mna haki ya kusema, lakini mmeliacha shairi lenyewe nje mlangoni. Niruhusuni nitunge mistari miwili ya kufanyia kazi:

Nimetoka kwetu shamba, mji mkubwa nafika,
Chumba kimoja cha jumba, kodi yake yanishika.

Hesabuni mizani, yaani silabi: 8 kwa 8, mstari mzima 16, kina cha kati "mba" na cha mwisho "ka". Sasa angalieni wapi alama hupotea.

Kwanza, "kwetu shamba". Kwa sarufi ya kawaida ni "shambani". Mshairi ameitupa "ni" kwa sababu kipande kingefika mizani 9 na kina cha "mba" kingekufa. Hiyo ni inkisari ya kweli, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe. Lakini wanafunzi wengi huiruka na kukimbilia "yanishika" wakidai ndiyo inkisari ya "inanishika". Si inkisari! Ni wakati wa "a": kiambishi "i" cha kodi kikakutana na "a", ikawa "ya". Jibu hilo linapata sifuri, na ni haki.

Pili, kodi inamshika mtu. Kitu kisicho uhai kimepewa mkono: ni tashihisi. Mwanafunzi akishaiona hiyo hawezi tena kuandika kwamba "mji ni mbaya", kwa maana mji katika mistari hii haujafanya chochote. Anayeshika ni kodi. Lawama imeelekezwa mahali mahususi.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: chumba na jumba ni watoto wa neno moja, nyumba. Moja limefanywa dogo, jingine kubwa. Tofauti ya tabaka imo ndani ya silabi ya kwanza ya kila neno, na masikio yanaipata kabla ya akili.

Kwa hiyo tafakuri ianze na neno lililoko kwenye ukurasa, ifuate mbinu, kisha athari yake kwa msomaji, na ukuaji wa miji uje mwisho kama muktadha. Mwanafunzi akigeuza mpangilio huo, akaanza na aya mbili za takwimu, hujikuta muda umekwisha na shairi hajaligusa.

WA PWANI

Ahsante, mtahini. Mimi naongeza lililosahaulika: ushairi wa Kiswahili ni mtoto wa mjini. Pate, Lamu, Mombasa ni miji ya mawe ya pwani ya Kenya. Muyaka bin Haji alitunga juu ya siasa, biashara na mapenzi ya Mombasa yake, naye si mgeni aliyeshuka kutoka shamba.

Someni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayoomboleza fahari ya Pate iliyopotea:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme.

Yaani nyumba zilizokuwa zikiwaka taa zimekuwa mahame, na makinda ya popo yamening'inia juu. Gawanyeni mistari hii: mizani 6, pumziko, kisha 5. Kipande cha pili ni kifupi, kama mtu anayeishiwa pumzi. Mshairi hapa anausemesha moyo wake, haulaani mji. Anasikitika kwamba taa zimezimika. Kwake uovu ni kuisahau ahera, si kukaa mjini. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba shairi la mji lazima liwe la kuulaani atalisoma hili kinyumenyume.

MWALIMU WA FASIHI

Hapo mmenisogeza, lakini si pote. Al-Inkishafi ni Kiamu, lahaja ya Lamu, na mtoto wa Nakuru au Dodoma atahitaji vipindi viwili vya msamiati kabla hajaonja chochote. "Ziwele", "iyu", "wengeme": kila neno lina mlango wake. Vipindi hivyo vitatoka wapi?

WA PWANI

Beti tatu tu, si utenzi mzima. Waandikieni ubaoni neno la Kiamu na la Kiswahili sanifu ubavuni: ziwele, zimekuwa, iyu, juu. Wakishaona kwamba "iyu" ni "juu" iliyobadilika sauti, wengi huanza kubahatisha maneno mengine wenyewe. Dakika 40 zinatosha kwa beti hizo.

MTOA HOJA

Basi napunguza dai langu. Mwalimu wa fasihi ana haki: mashairi ya kuonya yabaki. Nisemalo sasa ni kwamba yasisomwe peke yake. Shairi moja la kodi na nauli lisomwe siku moja na beti za Pate, na swali la zoezi liwe: "Katika kila shairi, ni nani au nini kinatenda ubaya? Taja kitenzi." Mwanafunzi akilazimika kutaja kitenzi, ile sentensi ya uhalifu na ukahaba hana pa kuibandika.

MTAHINI

Na ataje kiima pia. Bila kiima watakuandikia "kushika" na kuishia hapo.