Naomba ushauri: kupeleka kazi Summer Exhibition ya London nikiwa Dar

Wakuu habari zenu, mi ni mchoraji wa tingatinga hapa Dar, nataka safari hii nijaribu ile Summer Exhibition, maonyesho ya sanaa ya Royal Academy (taasisi ya wasanii) kule London, ile inayofanyika kila mwaka tangu 1769 na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba, hata kama hujulikani. Mwisho kazi mbili, kila moja unailipia ada, raundi ya kwanza majaji wanaangalia picha tu mtandaoni, ukipita ndo unatakiwa upeleke kazi yenyewe mpaka London waione kwa macho.

Sasa hapo ndo kichwa kinauma. Rangi zangu ni zile za kopo za kung'aa, nikipiga picha kwa simu taa inajichora katikati ya tembo, nikipeleka nje juani ndo balaa zaidi. Mnapigaje picha hizi kazi bila mng'ao? Na ya pili, nikipita raundi ya kwanza halafu raundi ya pili wakanitoa, nauli ya kwenda na kurudi si imekula kwangu? Kuna mtu amewahi kutuma turubai limeviringishwa halafu likawambwa kulekule, rangi haikupasuka?

Pia kuna jamaa wameniandikia imeili eti "nimechaguliwa" kwenye maonyesho Italia, sijaomba popote, wanataka nilipie nafasi ya kutundika kazi ukutani. Nahisi wapigaji tu hao, au kuna aliyewahi kwenda akauza?