Kubadilishana stempu na mtu usiyemjua: barua ya kawaida, rejesta au EMS?

Mkusanyaji_Tanga: Ndugu wakusanyaji, mtu aliyeko Ujerumani anataka stempu zangu za Zanzibar zilizogongwa maneno "Jamhuri 1964" baada ya Mapinduzi, naye atanipa za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935, zikiwemo zenye picha ya jahazi. Hatujawahi kubadilishana chochote. Barua ya kawaida ni nafuu lakini haiachi ushahidi. EMS, yaani huduma ya posta ya kutuma kwa haraka, nayo huenda ikagharimu kuliko stempu zenyewe. Mngechagua njia ipi, na nani atangulie kutuma?

BiMaryam_Mombasa: Mimi ningechagua rejesta, yaani barua inayoandikishwa posta na kupewa namba. Kwa EMS unalipia haraka, na stempu iliyongoja tangu 1935 haishindwi kungoja wiki chache zaidi. Kumbuka, hata hivyo, kwamba fidia ya rejesta ina kikomo, kwa hiyo usitie mkusanyo wote katika bahasha moja. Barua ya kawaida niiachie zile zinazojirudia tu, ambazo zikipotea sitalala macho.

Mstaafu_wa_Kaunta: Ninaungana na Bi Maryam, na ningependa kuongeza jambo ambalo wengi hulipita. Namba ya kifurushi cha kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka: ya rejesta huanza na R, ya EMS huanza na E, ya Tanzania huishia TZ na ya Ujerumani DE. Mwenzako akikupa namba inayoishia nchi nyingine, muulize sababu kabla hujafika posta. Tena usiridhike na picha ya risiti, kwa kuwa picha huchezewa. Ingiza namba hiyo mwenyewe kwenye tovuti ya posta uone kama imepokelewa. Anwani mpe ya S.L.P., kwani hana haja ya kujua unapolala.

Kipepeo_Arusha: Njia ya kutuma ni nusu tu ya jambo, ndugu yangu. Mimi nilitumia rejesta, barua ikafika salama, na mpokeaji akanyamaza hadi leo. Picha alizonionyesha, kumbe, zilitoka kwenye orodha ya mnada. Tangu hapo ninadai picha ya stempu ikiwa kando ya karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo, pamoja na majina ya watu wawili aliokwisha kubadilishana nao, ambao huwaandikia mwenyewe. Asiye na rekodi ndiye hutangulia kutuma. Za kwako zipige picha mbele na nyuma, maana muhuri wa "Jamhuri" hughushiwa, na anaweza kukurudishia nyingine akidai ndiyo uliyomtumia.

Mkusanyaji_Tanga: Ahsanteni sana. Nimemwandikia kwamba tuanze na stempu mbili mbili kwa rejesta, yeye akitangulia, kwa kuwa hakuweza kunitajia mtu yeyote aliyewahi kubadilishana naye. Amekubali, na picha yenye tarehe ameahidi kuituma kesho.