Ushauri: Ndugu tumechanganyika dini, tunataka kwenda makaburini Muheza pamoja sikukuu ya Pasaka

Mjukuu wa Bonde:
Habari za jioni wakuu.

Asili yetu ni Muheza, upande wa Magila. Kwa msioijua Bonde, yaani kwetu Wabondei huko Muheza, kule nyumba moja utamkuta Hassani na Yohana, baba mmoja mama mmoja, wanakula sinia moja. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walijenga Magila karne ya 19, Uislamu nao ulishapanda kutoka pwani, kila babu akashika njia yake. Babu yetu kazikwa Kiislamu, bibi yuko makaburi ya kanisa. Wengine wapo shambani chini ya miembe, na kipande kile cha shamba kilishauzwa.

Tumepanga kwenda wote, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, watoto wakawajue wazee wao. Sasa kundi letu la WhatsApp linawaka moto. Upande wa Kiislamu wanauliza kwa nini iwe Pasaka isiwe Idi. Binamu yangu kasema wanawake wabaki nyumbani wapike, dada zangu wamenuna. Mwingine anachangisha pesa za kujengea makaburi yote kwa vigae. Aliyenunua shamba hatumjui hata kwa sura. Mzee aliyebaki ni shangazi yetu mmoja tu, na yeye ndiye king'ang'anizi wa safari hii.

Nianzie wapi?

Fundi wa Mkwakwani:
Mkuu, vigae sahau kwa sasa. Pasaka inaangukia masika, udongo umelowa, kaburi linadidimia. Ukijenga leo, mwakani unakuta ufa umepita katikati. Nendeni na mapanga, mafyekeo na majembe, fyekeni, rudishieni udongo uliozama. Ujenzi subirini kiangazi. Na kwa babu Muislamu msiguse kitu kabla ya kuwauliza wenyewe, maana wengi hawataki kaburi lijengewe kabisa, mashahidi mawili, yaani alama za kichwani na miguuni, yanatosha.

Mama Raskazone:
Huyo binamu angetangulia yeye jikoni tuone. 😄

Ila tukiacha utani, la wanawake lina mjadala wake wa siku nyingi. Mtume alikuwa amekataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu kwa kuwa yanakumbusha akhera. Kuhusu wanawake ndipo wanazuoni walipohitilafiana: wapo wanaoona ni karaha, wapo wanaoruhusu kwa masharti ya stara na kutopiga mayowe. Kwa hiyo binamu hajatunga, lakini si yeye wa kuwaamulia dada zako. Muulizeni imamu wa msikiti wa hapo kijijini, akisema mmemaliza. Imamu wa kwenye simu ya kila mtu hamtamaliza.

Kuhusu siku, waeleweshe ndugu zako Waislamu kwamba hamuendi kumzuru babu kwa sababu ya Pasaka. Mnaenda kwa sababu ndiyo siku mabosi wamewaachia. Idi nayo inategemea mwezi, nani atakodi Coaster bila kujua anaondoka lini?

Ngamiani Kati:
Naunga mkono hapo kwenye Idi. Niongeze tu kwamba Jumapili ya Pasaka upande wa kanisa hutawapata, wapo Misa. Magila ni Waanglikana wa mapokeo ya zamani, padri siku hiyo ana kazi zake. Kama mnataka awabarikie kaburi la bibi, mwombeni mapema iwe Jumatatu. Kwa babu nendeni Jumamosi asubuhi. Waislamu wasome Yasin na dua, Wakristo wasimame kando kwa adabu, Jumatatu mbadilishane. Msichanganye dua mbili kwenye kaburi moja mkidhani ndiyo umoja. Kwetu tulijaribu, ikawa kila mtu kakereka.

Mzigua Mstaafu:
Mnabishana siku na dini, mimi naona tatizo ni shamba. Mnakwenda na watoto kwenye eneo la mtu mnafyeka, akiitisha mgambo mtasemaje? Tumeni watu wawili watangulie wakamwone mwenyekiti wa kitongoji, awapeleke kwa mnunuzi. Mwombeni aliyeuza atoe karatasi za mauziano, muone makaburi yaliachwa nje au yalikwenda na shamba. Kama hayakutajwa, ombeni muandikishane sasa, mbele ya mwenyekiti, kwamba sehemu ile haitalimwa na mna njia ya kuingia. Wanunuzi wengi hukubali, hakuna anayependa kulima juu ya mifupa ya watu.

Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, lakini ile inahusu ardhi inayotakiwa kwa matumizi ya umma, msije mkaenda kumtishia nayo mtu aliyenunua ekari zake mbili.

Na lingine. Chini ya hiyo miembe kuna majina yameandikwa?

Mjukuu wa Bonde:
Hakuna, mzee wangu. Ni mawe tu. Shangazi ndiye anayejua nani kalala wapi.

Mzigua Mstaafu:
Basi safari yote ni ya huyo mama. Mkalisheni kwenye kiti, apite kaburi baada ya kaburi, mmoja aandike, mwingine achore ramani kuanzia mwembe upi. Yapigeni picha na mawe yenyewe. Akiondoka huyo mtabaki mnafyeka msijue mnamfyekea nani.

Mama Raskazone:
Mzee kamaliza. Na binamu anataka akae jikoni!

Mjukuu wa Bonde:
Nimemsomea shangazi majibu yenu kwa simu. Kakubali Jumamosi kwa babu, Jumatatu kwa bibi, Jumapili shambani mchana baada ya Misa. Binamu mmoja anakwenda kumwona mwenyekiti wikiendi hii. La imamu, shangazi kasema atampigia mwenyewe, yeye ndiye aliyemlea. Sharti lake moja: Coaster isipakie watu wa njiani Segera, na kiti cha mbele ni chake.

Ngamiani Kati:
Lipeni nusu ya Coaster mapema, Pasaka bei haishikiki. Na mwambieni dereva kama mvua itanyesha aliache gari barabara kubwa, kule ndani ni utelezi.