Asiye na makazi akivuka barabara tu kashaingia jimbo lingine, anahudumiwa na nani?

mama_neema: Wadau habari zenu, naomba kueleweshwa. Niko Kansas City upande wa Missouri, najitolea jikoni kwenye shelta. Kuna baba mmoja wa miaka hamsini na kitu anakula kwetu ila usiku analala ng'ambo ya State Line Road, yaani ukivuka tu ushaingia Kansas. Juzi katoa barua yake ya Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kaikunja kwenye soksi isilowe, ananiuliza akipata chumba kule hiyo bima itamfuata? Hivi haya majimbo yanaongea kweli?

Rama_KC: Dada, kwenye makazi wanaongea, kwenye matibabu kila mtu na lwake. Hela ya makazi inatoka serikali kuu, HUD, yaani wizara ya nyumba, na muungano wa hapo kwenu wa mashirika yanayohudumia wasio na makazi unachukua Kaunti ya Jackson ya Missouri pamoja na Wyandotte ya Kansas. Ila ukishuka kusini hiyo barabara inapakana na Kaunti ya Johnson, na wao wana muungano wao, kwa hiyo kwanza ujue analala kaunti gani. Medicaid haivuki. Missouri wananchi walipiga kura 2020 ikapanuliwa ichukue na watu wazima wa kipato kidogo, Kansas mpaka leo bado, sasa mtu mzima asiye na watoto wala ulemavu akihamia kule anaweza kubaki mikono mitupu na dawa zake za presha zikakatika. Hilo linaniuma sana.

binti_wa_Omaha: Huku kwetu pia Omaha na Council Bluffs wako muungano mmoja, Nebraska na Iowa, mto tu katikati. Inasaidia maana mtu hasimulii shida zake upya kila anapovuka daraja. Ushirikiano ndio huo, sio kumpa mtu tiketi ya basi aende jimbo lingine. Hospitali ya akili ya jimbo la Nevada iliwahi kusafirisha wagonjwa hivyo, jiji la San Francisco, California, walikopelekwa baadhi yao, likashitaki 2013 na Nevada ikakubali kulipa dola 400,000. Binadamu sio mzigo jamani!

mama_neema: Asanteni sana, kumbe kaunti ndio inaamua. Na je akipata vocha ya nyumba, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya chumba, huku Missouri, anaweza kwenda nayo Kansas?

Rama_KC: Anaweza, vocha inavuka jimbo. Ila kama wakati anaomba hakuwa mkazi wa eneo la ofisi iliyompa, wanaweza kumtaka akae hapo miezi 12 kwanza. Kwa hiyo asisaini chumba chochote kabla hajaongea nao, na hiyo barua mpigie kopi ibaki shelta.